Kitenzi Kimoja Kinamtosha Baba Mkwe

Jumatatu, 4 Agosti
Jumamosi mjukuu wa baba mkwe anakuja kutoka ng'ambo. Ana miaka sita, Kiswahili hajui hata cha kuombea maji. Mzee hana raha. Anaogopa atakaa na mjukuu wake kama bubu. Shemeji mwalimu, kaka wa mke wangu, kaanza kumfundisha nyakati zote za Kiingereza. Mzee kasinzia kwenye ya pili. Nafasi yangu hiyo! Tangu nimwoe binti yake ananiita "huyo kinyozi wako". Nimemwambia mke wangu nitamfundisha mimi. Akauliza kwa Kiingereza kipi. Dharau!

Jumanne, 5 Agosti
Nimegundua siri. Kitenzi kimoja kinatosha: get. Kupata, get. Kufika, get. Kuelewa, kuleta, kuamka, kushuka kwenye basi, hata kukasirika: get, get, get! Waingereza ni wavivu, Mungu awabariki.

Alhamisi, 7 Agosti
Somo limefanyika saluni. Mzee kitini, povu mpaka masikioni, wembe mkononi mwangu. Sijawahi kuona mwanafunzi mtulivu hivyo. Baadaye akauliza atatofautishaje kuamka na kukasirika. Nikamwambia atumie uso. Shemeji alikuwa mlangoni, akacheka mpaka akashika mbavu. Akasema nitamwaibisha mzee mbele ya mtoto. Nimeingiwa na hofu, nakiri.

Jumamosi, 9 Agosti
Mtoto kafika, kajibanza nyuma ya mama yake. Shemeji akamsomea makaribisho marefu. Mtoto akazidi kujibanza. Ndipo mzee akaonyesha mpira uvunguni mwa kochi, akatamka get. Mtoto akauleta! Mzee akajiangusha sakafuni kwa makusudi, akanyoosha mkono: get. Mtoto akamvuta, akacheka. Mchana kutwa wamefukuzana wakipigiana kelele za get, mzee akitambaa chini ya meza. Nilitokwa na machozi, nikasingizia vumbi.

Wakati wa kuagana mzee akanishika bega, akaniita mwanangu. Mwanangu! Kisha akaninong'oneza kwamba kitenzi changu hakina lolote, mtoto alitaka tu mtu wa kucheza naye. Akaniomba nisimfundishe mtu mwingine yeyote.

Jumapili, 10 Agosti
Mchoraji kamaliza kibao cha saluni: NYWELE, NDEVU NA KIINGEREZA. Mke wangu kakisoma mara mbili, kaenda kukaa chini. Kauliza baba yake alisema nini jana. Nimemweleza kwamba mzee anaona haya kusifu mtu waziwazi. Namjua vizuri baba yangu.