Nilimwomba Hakimu Jela

Jumatatu, 9 Juni
Nimedhalilishwa. Hakimu ameniamuru nifagie zahanati mwezi mzima. Mimi, Kisilu, mwenye pikapu! Kosa lenyewe: nilikunywa mnazi kule Waa, nikaendesha, nikaingia mtaroni. Hakuna aliyeumia ila machungwa niliyokuwa nimebeba. Nikaomba kwa adabu nifungwe jela kama jirani yangu Muli, aliyehukumiwa leo hii kwa kosa hilo hilo. Hakimu akasema Muli ni mara yake ya pili, na jela haichaguliwi kama chakula hotelini. Hata karani alicheka.

Hawaelewi. Jela hakuna anayekuona. Zahanati kila mtu anakuona, na mama mkwe wangu huenda pale kila asubuhi kufungwa kidonda cha mguu. Sisi Wakamba mtu na mama mkwe wake hawaonani uso kwa uso. Wakikutana njiani mmoja huingia kichakani. Ndani ya zahanati kichaka kiko wapi? Na Kavata, mke wangu, yuko kwa huyo mama tangu nilipokamatwa. Amesema atarudi nikimaliza adhabu bila kugusa pombe.

Jumanne, 10 Juni
Nimeripoti kwa Bi Muhsina, msimamizi wa zahanati. Ni mdogo wangu kwa miaka, lakini nilimwamkia shikamoo nikitumaini huruma. Akaitikia marahaba bila haya, akanipa ufagio na kizibao cha rangi ya machungwa. Machungwa! Mara mama mkwe akatokea langoni. Nikaruka dirisha la stoo, nikaangukia shimo la taka. Bi Muhsina ameandika kwamba nilitoroka kazini. Nilimweleza mila yetu. Akasema anaiheshimu sana, na chini ya benchi bado kuna vumbi.

Alhamisi, 12 Juni
Mpango mpya. Nilimpa Tofiki wa boda boda chochote kidogo avae kizibao changu mpaka mama mkwe apite. Alifagia vizuri, siwezi kusema uongo. Kisha simu yake ikalia, akamwambia abiria wake, mbele ya wagonjwa wote, amngoje kidogo, anamtumikia Kisilu kifungo. Bi Muhsina ameonya atanirudisha kwa hakimu. Nikamwambia ndilo ninalolitaka. Akaniuliza kama nimewahi kwenda kwa Muli kuijulia hali familia yake. Niende kufanya nini? Kwa Muli watu wanapeleka pole na mchele. Kwangu wanaleta macho tu.

Jumatatu, 16 Juni
Nthambi, mke wa Muli, alikuja na mtoto mwenye homa. Nikamwambia mumewe ana bahati. Akasema mchele wa watu ulikwisha Ijumaa. Mbuzi ameuzwa, shamba linaota magugu. Muli hakumgonga mtu, akasema, ila wanaolala njaa ni wanawe. Akaniuliza kama ningekubali kubadilishana naye. Nikasema hata sasa hivi. Akasema angenishukuru. Kisha akainua miguu nifagie chini yake.

Nimeshinda na hasira mchana kutwa. Sijui hata ninamkasirikia nani.

Ijumaa, 27 Juni
Mama mkwe amezungumza. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia la chumba cha chanjo, yeye upande wa pili, akimwambia Bi Muhsina maneno yaliyokusudiwa mimi. Kwamba aliniona siku ile nikiruka dirisha. Kwamba mkwe mwenye ufagio anamtosha. Akiwa jela, Kavata na watoto watalishwa na nani kama si yeye na mguu wake? Kwamba siku nitakayomaliza, wataningoja njiapanda ya Kombani, yeye na Kavata na mzigo wake. Tena akasema pembeni mwa chumba sijafagia.

Jumatano, 9 Julai
Nimemaliza! Bi Muhsina ametia sahihi, nami nimeshika funguo za pikapu yangu. Kavata ananingoja Kombani saa kumi. Nimepitia Waa mara moja. Vikombe viwili tu, vya kutoa haya, maana mama mkwe naye atakuwa pale. Basi, vitatu. Nitaendesha polepole.

Alhamisi, 10 Julai
Polisi walikuwa pale pale njiapanda. Wamekosa mahali pengine nchi nzima! Mama mkwe hakuingia kichakani. Alinitazama usoni, kwa mara ya kwanza tangu nioe, mpaka nikapandishwa gari lao. Kavata hakulia wala hakunigombeza. Alisogea akaniomba ufunguo wa nyumba, akachukue nguo zake zilizobaki.

Leo hakimu alinikumbuka. Akasema ombi langu limekubaliwa, miezi mitatu. Nikamwambia jela si dawa ya mtu ambaye hakumgonga yeyote. Nikamtajia watoto, shamba, mguu wa mama mkwe. Nilisema vizuri kuliko wakili. Hakunisikiliza. Mwezi mzima nimefagia, na hata siku moja haikupunguzwa!

Kosa ni la polisi. Nikitoka nitapita njia ya nyuma.