Nyumba Aliyoichagua Mjusi

Ijumaa, 6 Septemba. Anna Nagar, Chennai.

Bado tuko kwa shemeji. Wiki ya pili sasa! Kampuni imenihamisha kutoka Kumbakonam nije niuze pampu za maji huku mjini. Barua ya pongezi ikanipa, nyumba haikunipa. Basi tumejazana katika chumba cha wageni cha Dhandapani, kaka wa mke wangu: mimi, Kothai, binti yetu Yazhini, na mama yangu mzazi, ambaye anakoroma.

Dhandapani ni mtu mwema. Kila mtu anasema hivyo, naye anasema kuliko wote. Alfajiri yuko roshani anafanya mazoezi ya kuvuta pumzi, puu, puu, jengo zima linaamka. Rimoti ya feni analala nayo. Nikiongeza wali, anauliza kama Kumbakonam kulikuwa na njaa. Mbele ya wageni ananiita Bwana Pampu.

Leo mezani katangaza kwamba nyumba ya chini yake iko wazi. Chini yake hasa, unashuka ngazi tu! Kothai uso ukamchangamka. Mama naye hakupinga. Mchana kutwa anacheza bao na Vasuki, mke wa Dhandapani, kwa mbegu za ukwaju, wanacheka kama wasichana. Mimi nikapaliwa na maji.

Hatari ni hii. Tarehe 17 unaingia mwezi wa Purattasi, na mwezi huo mtu wa kwetu hahamii nyumba. Mama havuki kizingiti kipya hata umburute. Kama kabla ya hapo hatujachemsha maziwa ya kuingilia nyumba kwenye jiko letu wenyewe, basi mwezi mzima niko chini ya feni ya shemeji. Na Purattasi hakuna nyama! Mboga na puu, puu, mboga na puu, puu. Afadhali nirudi Kumbakonam kwa miguu.

Lakini nina mpango. Thiruvanmiyur! Karibu na bahari, upande mwingine kabisa wa mji. Shemeji hapandi basi, na gari lake hutoka kwa ajili ya harusi tu. Hatafika kamwe.

Jumapili, 8 Septemba.

Tumezunguka mitaa na dalali, mtu mmoja mnene ambaye kila banda kwake ni jumba la kifalme.

Mylapore. Nyumba safi, karibu na hekalu. Mwenye nyumba akauliza tunakula nini. Nikamwambia mboga tu, tangu enzi za babu. Mama akadakia kutoka nyuma kwamba mchuzi wake wa mbuzi unasifiwa mitaa minne. Tukaonyeshwa mlango.

T. Nagar. Kothai alishuka, akaona maduka ya sari yamepangana kona hadi kona, akasema hapa hapa. Mimi nikasema hapana, hapana. Mshahara wangu naujua.

Thiruvanmiyur. Eh! Pazuri jamani! Upepo! Ghorofa ya pili. Ukiinama kwenye roshani huku mtu amekushika shati kwa nyuma, unaiona bahari kabisa. Nikainama mara mbili. Kothai akasema, "Sasa Baba Yazhini, kaka atatutembeleaje huku?" Nikajifanya sisikii kwa sababu ya upepo.

Kila mtu akamtazama mama. Mama akasema nyumba haina ubaya, ila mjusi hajasema neno.

Haya, yameanza. Mama hajawahi kuamua jambo bila mjusi kafiri. Akilia ukutani wakati jambo linazungumzwa, mama anaangalia kalia upande gani, anafungua kitabu chake cha falaki, hukumu imetoka. Hata posa yangu kwa Kothai ilipitishwa na mjusi. Baba siku ile alitaka kusema kitu, akaambiwa mjusi ameshasema.

Jumatatu, 9 Septemba.

Shemeji kasikia habari za Thiruvanmiyur. Kacheka hadi kahawa ikamtoka puani. Eti chumvi ya bahari itakula feni, itakula friji, kisha itanila mimi. "Utabaki pampu tupu, Bwana Pampu!" Wote wakacheka. Hata Yazhini. Nimemwambia Yazhini asahau baiskeli niliyomwahidi.

Jumanne, 10 Septemba.

Kama nyumba haina mjusi, mjusi atapatikana. Nimejifungia bafuni kwa mazoezi. Ulimi juu ya kaakaa, meno yaachane kidogo, tch-tch-tch-tch. Si kazi rahisi! Mwanzo nilisikika kama mtu anayeita kuku. (Yazhini ndiye aliyesema, kupitia tundu la ufunguo. Baiskeli imebidi irudi mezani ili anyamaze.)

Shemeji akagonga kuuliza kama ninakula kitu humo ndani. Nikasema jino. Ole wangu! Kanichemshia mwarobaini na pilipili manga, kasimama mbele yangu mikono kiunoni hadi nimalize. "Kunywa, usikunje uso, wewe si mtoto." Mdomo umekufa ganzi mpaka sasa hivi. Lakini kazi imeiva. Mjusi wa kweli pale dirishani alinigeukia. Nadhani amenikubali.

Alhamisi, 12 Septemba.

Tumerudi Thiruvanmiyur na mama. Nikaaga naenda msalani, nikanyata hadi stoo ya jikoni, nikajibanza nyuma ya mlango. Nikamsikia mama anamuuliza dalali maji yanatoka saa ngapi. Nikapiga! Tch-tch-tch-tch-tch. Jamani, nilisisimka mwenyewe.

Mama akauliza kalia wapi. Dalali, mjinga yule, akasema kusini. Mama akafungua kitabu, akapitisha kidole, akatikisa kichwa. Kusini ni ugomvi nyumbani. Akavaa kandambili zake, akatoka.

Nikamsihi turudi kesho, labda mjusi atabadili mawazo. Kanijibu kwamba mjusi si mwanasiasa, akisema amesema.

Nilitaka kukipekua kile kitabu mwenyewe, lakini analala kakiweka chini ya mto. Namwonea fahari hata hivyo. Miwani yake tuliisahau Kumbakonam, na bado anasoma maandishi yale madogo kama sisimizi. Macho ya watu wa zamani!

Baadaye. Nililala chali, nimekata tamaa, mara wazo likaja lenyewe. Kusini ni ugomvi. Na nyumba ya chini ya shemeji nayo si ina kusini? Mjusi akilia kule, mama haigusi. Tutaenda popote pengine. Hata porini. Ekambaram, wewe ni kichwa!

Jumamosi, 14 Septemba.

Nyumba ya chini. Msafara mzima: mama, Kothai, Yazhini, Vasuki, na shemeji mbele yetu kama mwenye mji, anafungua mabomba na kuyafunga. Nimevaa shati langu la mistari, la bahati. Nikauliza kwa upole kusini ni wapi, eti nataka kujua upepo unaingilia wapi. Nikaonyeshwa stoo. Stoo tena! Nikachomoka, nikajibanza nyuma ya mlango.

Nikapiga kwa moyo wangu wote. Na pale pale, Mungu wangu, darini mjusi wa kweli akanijibu! Nikapiga, akajibu. Nikapiga, akajibu. Nikajua nyumba ya shemeji kwisha habari yake.

Nikasikia mama analia. Nikaingiwa na huruma, nikatoka kumfariji. Kumbe analia kwa furaha! Kitabu wazi mkononi. Kusini ikiwa Jumamosi ni ndugu kukaribiana na neema isiyokatika, na wakilia wawili ndiyo kabisa. Nikauliza, kwa sauti ambayo haikuwa yangu, si ilikuwa ugomvi? Mama akaniuliza falaki nimesomea wapi. Alhamisi ni Alhamisi, Jumamosi ni Jumamosi. Vasuki akamkumbatia. Wakashikana mikono wakizunguka sebule, wanatafuta pa kuweka ubao wa bao.

Shemeji akanikumbatia mimi, mbavu zikalia. Akauliza nilikuwa natafuta nini stoo. Nikasema naangalia mabomba ya pampu. Akawageukia wote. "Huyu hata akipelekwa peponi ataulizia pampu!"

Sijala leo. Yaani nimekula, lakini bila moyo.

Jumatatu, 16 Septemba.

Tumechemsha maziwa, siku ya mwisho kabisa. Desturi ni yaumuke yamwagike, na yanakomwagikia ndiko heri inakotokea. Nilikuwa nimechomeka kipande cha kadibodi chini ya jiko ili yamwagikie upande wa barabarani, labda mama angepata wasiwasi. Yakaumuka. Yakasita. Kadibodi ikateleza, yakamwagika yote upande wa ngazi za shemeji. Vigelegele! Nimeungua kidole nikijaribu kuigeuza sufuria. Shemeji kakipaka mwarobaini.

Jumatano, 25 Septemba.

Purattasi. Biringanya mchana, biringanya jioni. Puu, puu sasa inatokea juu ya kitanda changu. Shemeji anashuka kabla sijavaa shati, anakunywa kahawa yangu, anashika gazeti langu, kisha ananisomea kwa sauti habari ninazotaka kusoma mwenyewe. Nimekonda. Kothai anasema nimeota kitambi.

Ila nimegundua jambo. Vasuki anaogopa bundi kuliko polisi! Jioni, watu wanaanua nguo juu ya paa, nikajificha nyuma ya tangi la maji. Huu, huu-huu. Vasuki akaacha shuka kwenye kamba, akashuka ngazi bila kandambili. Kumbe kipaji ninacho, nilianza tu na mnyama asiyenifaa.

Jumapili, 29 Septemba.

Bundi amelia kila jioni. Vasuki hali chakula. Amezidiwa hata kwenye bao, na Yazhini! Shemeji anajidai haamini mambo hayo, ila leo alfajiri kapiga puu moja, kisha kimya. Mama kasema mezani kwamba bundi wa mjini hapa ana mafua, mtu angempa tangawizi. Mama bwana, ana huruma hata na ndege mbaya.

Na jioni hii shemeji katangaza. Purattasi ikiisha, wanahama. Wanahama! Biringanya ikanoga ghafla kuliko mbuzi. Nikamwambia kwa huzuni kubwa kwamba tutakuwa wapweke. Nilitoa hata chozi, la pilipili.

Jumapili, 20 Oktoba.

Wamehama jana! Juu kimya. Nimelala hadi jua likaingia kitandani. Nimesoma gazeti langu mwenyewe, kurasa zote, hadi matangazo ya vifo. Nimekula mbuzi. Nimejiona kama mfalme ndani ya nyumba yangu.

Baadaye. Shemeji kapiga simu. Nyumba walipewa na yule yule dalali wetu. Thiruvanmiyur. Ghorofa ya pili. Ametuma picha yake ameinama kwenye roshani, Vasuki kamshika shati. Anasema hewa ya bahari inafungua mapafu, na ananishangaa mimi nilivyoiacha nyumba kama ile. Niliumia, sikatai. Lakini nikajipa moyo. Upande mwingine wa mji ni upande mwingine wa mji, hata akiishi huko nani.

Nikaweka simu chini, nikakuta wanawake wangu wamenuna. Kothai anafuta machozi kwa ncha ya sari. Mama kakaa mbele ya ubao wa bao, mbegu za ukwaju mkononi, hana wa kucheza naye. Anasema neema ya ndugu imehama, sisi tumebaki hapa tunamlinda nani? Ndipo Kothai akatoa neno. Kaka yake ameshaulizia. Ghorofa ya kwanza kule, chini yake hasa, iko wazi.

Nikamtazama mama. Mama kasema yeye ni nani hata aseme. Alhamisi tutakwenda sote kumsikiliza mjusi.

Na leo hii hii kimefika kifurushi kutoka Kumbakonam, miwani ya mama. Akaivaa, akafungua kitabu chake cha falaki, akakitazama sana, akakigeuza juu chini. Akasema lo, kumbe siku zote hizi alikuwa amekishika miguu juu. Tukacheka sote. Nimefurahi kwa ajili yake, sasa atasoma vizuri.

Kisha kaniambia Alhamisi nisivae lile shati la mistari, maana pale stoo lilikuwa linachungulia mlangoni. Na ninywe maji kwanza, koo lisinikauke. Sikumwelewa hata kidogo. Uzee, masikini, unaanza kumchanganya.

Nimejifungia bafuni, naupa ulimi mazoezi. Nimefikiri sana na kosa langu nimeliona, lilikuwa moja tu. Kusini! Safari hii nitalia kaskazini.