Hotuba ya Kukabidhi Ubao wa Tezi wa Boti ya Wagonjwa

Ubao wa tezi, ndugu wananchi, ni ule ubao unaosimama nyuma kabisa ya boti, uliovikwa fiberglasi ndani na nje, ambao injini hufungwa juu yake. Naanza na tafsiri kwa kuwa mjadala usio na tafsiri ni kelele. Na baada ya tafsiri, itifaki: Mheshimiwa mwakilishi wa Mwenyekiti, ambaye hakuweza kufika. Mheshimiwa mwakilishi wa mwakilishi huyo, ambaye amefika. Wakuu wa idara na vitengo. Viongozi wa dini. Wageni wetu kutoka Heru Juu. Nanyi mnaoishi kandokando ya mto huu. (Wazee wanapiga makofi ya taratibu, kama Waha wamsalimiavyo mkubwa.) Ahsanteni kwa pongezi ambazo sikuzitarajia mapema hivi.

Boti hii kuukuu tuliachiwa na wafadhili kambi ya wakimbizi ya Mtendeli ilipofungwa. Uchunguzi wa kitaalamu ulibaini kwamba maji yalipenya kwenye matundu ya bolti za injini yakaozesha mbao za ndani, huku ngozi ya fiberglasi ikiendelea kung'aa, hali ambayo mimi, kama msimamizi, sikuwa na sababu ya kuishtukia, kwa maana kung'aa kwa nje ndicho kigezo chetu cha ukaguzi katika sekta zote. (Kicheko nyuma. Mgambo anageuka.)

Sasa, kubadilisha ubao, kwa mujibu wa rodimapu yetu, kuna hatua tatu: kuazimia, kushirikisha stekiholda, na kuzindua. Kukata fiberglasi, kukwangua uozo na kugandisha ubao mpya ni masuala ya kiutendaji, nayo tumeyaweka kwenye kiambatisho. Hatua tatu kati ya tatu ni asilimia mia moja. Aidha, kwa upande wa kapasiti bildingi, mimi na wajumbe tulisafiri hadi Kigoma mjini kutazama boti zenye ubao mzima, tukajiridhisha kwamba inawezekana.

(Mama Mpawenimana, mkulima wa maharage kutoka Kitanga, anasogea mbele na kupiga makofi. Wanawake wenzake wanamfuatisha.)

Nashukuru sana. Katibu, andika kwamba wananchi wameupokea ubao kwa makofi.

(Mama Mpawenimana haondoki. "Mheshimiwa, hapa kwetu hayo ni makofi ya kuomba," anasema. "Mkamwana wangu Rosa mimba yake imetimia. Zahanati iko ng'ambo na mto umejaa. Mtamvusha na nini?")

Mama yangu, hoja yako ina uzito, na ningeipa nafasi kama ingetangulia. Lakini azimio lililokwisha kupitishwa kwa makofi haliwezi kutenguliwa na maelezo ya mpiga makofi, la sivyo hakuna kikao hata kimoja wilayani kitakachobaki salama.

(Fidele, dereva wa bodaboda, anamshauri msimamizi apande yeye kwanza, vijana wamsukume hadi katikati. Kicheko kirefu.)

Kijana, itifaki hainiruhusu kuwatangulia wananchi kwenye huduma yao. Badala yake tuitikie pamoja: Ubao imara! (Madereva wa msafara: "Boti imara!") Boti imara! (Madereva wa msafara: "Uzazi salama!")

Kwa kuhitimisha, namshukuru fundi Ildefonsi, aliyezisubiri mbao kwa uvumilivu mkubwa mpaka akaamua kurudi shambani. Nawashukuru wauzaji wa gundi ya fiberglasi, ambao kwa hakika wangetuuzia kama tungewaagiza. Na naishukuru kamati ya manunuzi, ambayo itakuwa nguzo ya mradi huu siku itakapoundwa. Boti yenyewe msiiguse, maana uozo wake bado ni ule ule.

Limebaki jambo moja ambalo hoja yangu, pamoja na ukamilifu wake, haijalifikia. Rosa akishikwa na uchungu leo, na boti ikalazimika kuondoka, nani kati yetu ataishikilia injini kwa mikono mpaka ng'ambo?