Mashindano ya Pumzi

Asubuhi yetu ya mwisho ya kawaida nilimtangazia mke wangu kwamba mapafu yangu yanaweza kupuliza moto wa mhunzi aliye mtaa wa pili! Hapo hapo nikakohoa, kikombe kikahama mezani.

"Umemaliza kupuliza?" akauliza. "Vaa viatu, twende."

Hospitali ilikuwa ikiwaita wavutaji wa siku nyingi, hata wasioumwa, wapigwe picha ya mapafu, ili saratani kama ipo inaswe ingali changa. Sote wawili tulivuta miaka thelathini. Yeye aliacha. Mimi nilikuwa bado najiandaa. Tulishaitwa mara mbili, na mara mbili nikasingizia goti. Yeye bila mimi hakwenda.

"Shikamoo babu," akasema muuguzi. "Kwa siku sigara ngapi?"

"Marahaba. Mbili tatu hivi, nikipata wageni."

"Basi wageni wetu hawajaondoka tangu tuoane," mke wangu akadakia. "Andika pakiti nzima, mwanangu."

Akatangulia yeye. Dakika tano tu, akatoka anatengeneza kilemba. Kumbe rahisi! Nikavua mkanda, maana chuma hakitakiwi, nikajilaza kama sultani. Kitanda kikaniingiza kwenye lile duara kama mkate tanuruni.

Sauti ikasema, "Vuta pumzi. Ibane."

Nikabana!

"Haya, pumua."

Nipumue? Mimi? Nikazidi kubana. Mashine ikanyamaza. Nimeishinda! Macho yakanitoka kama ya chura, masikio yakaimba. Mpiga picha akaja mbio, mlango akauacha wazi.

"Babu, tumemaliza zamani!"

Nikaruka chini kwa ushindi. Mimi nikasimama, suruali ikalala! Foleni nzima ikaona. Mke wangu akacheka mpaka akakaa sakafuni.

Wiki ya pili daktari akatuita. Picha yangu, safi! Nikajipiga kifua. "Si nilisema!"

Daktari akaishika ya mke wangu, akaitazama sana. Ugonjwa ulikuwa umeshasambaa.

"Mngekuja ile mara ya kwanza..."

Nikakaa. Goti likauma kweli.

Alibaki nami miezi saba. Lakini siku ile, mbele ya daktari, alinipapasa hilo goti akasema:

"Nyamaza, mzee. Ugonjwa ulianza kubisha kwako, ukasikia hilo domo, ukaona heri uhamie kwangu."