Tozo ya Nyongeza

Haya nimeyapata kwa Nusura, muuza ndizi wa soko la Kimandolu, Jumapili iliyopita tukipukuchua maharage nyumbani kwangu. Nusura hasemi uongo, labda kwenye bei.

Ilitangazwa kwa vipaza sauti kwamba nchi imegundua hazina mpya: nyongeza. Mgunduzi ni Elimringi, daktari wa uchumi, si wa sindano. Ujana wake wote uliishia kwenye nadharia moja: chochote mtu anachopewa juu ya haki yake ni nyongeza, na nyongeza yote ni mali ya serikali. Aliisomea ng'ambo, akaiandikia vitabu, akaota upara juu yake. Sasa alibakiza hamu moja tu duniani: uenyekiti wa Tume ya Mapato Yaliyojificha. Wakubwa wakamwambia, thibitisha kwanza sokoni, kiti kinakungoja.

Basi Daktari akashuka Kimandolu na wajumbe wake, viatu vinang'aa, akamkuta Nusura anamtilia mteja ndizi moja juu ya chane.

"Mama, hiyo ya juu ni ya nini?"

"Ya mtoto, baba."

"Mtoto yuko wapi?"

"Si atazaliwa!"

Soko zima likaangua kicheko. Daktari hakucheka, yeye aliona mapato yanapotea. Ndizi ya mtoto ikachukuliwa. Ukachukuliwa pia ule mkono wa dagaa unaomwagwa juu ya kopo likishajaa. Gari likapakiwa nyongeza, likazipeleka ofisini zikaoze kwa mujibu wa sheria.

"Sasa wateja watafuata nini hapa?" Nusura akauliza. "Sura yangu?"

"Watafuata nguvu ya soko, mama."

"Haya. Ikija, uiambie mimi niko hapa."

Wateja hawakuja. Nani anunue ndizi kwa mtu asiyeongeza? Wanawake wakabaki kusukana nywele. Daktari akaandika kwenye ripoti kwamba soko limepata utulivu usio na mfano. Wakubwa wakafurahi mno, tozo ikaenea mkoa mzima, Daktari akapewa kiti chake.

Siku ya malipo akaingia Nancy, mhasibu wa Tume. Huyu alikuwa mwanafunzi wa Daktari, na kati ya wote aliowahi kuwafundisha, ndiye pekee aliyemwelewa.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba, binti. Posho za wajumbe ziko wapi?"

"Nimezipeleka serikalini. Mshahara ndio haki yao. Posho ya kukaa, ya chai, ya kutafakari, zote ziko juu ya haki. Si ndivyo ulivyotufundisha?"

Wajumbe wakaacha kutafuna sambusa.

"Na mimi mwenyekiti?"

"Wewe Daktari huna mshahara hapa. Kiti chako ni posho tupu." Macho yake yaling'aa kwa fahari. "Nadharia imethibitika!"

Kikao cha dharura kilifanyika wima, kwa kuwa kukaa kungeleta posho. Tozo ikafutwa kabla sambusa hazijapoa. Mkono wa kwanza kunyooshwa ulikuwa wa Daktari mwenyewe.

Jioni mkewe, Aikande, akamkuta amejilaza kwenye kochi na viatu vyake.

"Baba Bariki, kumbe miaka yote hiyo ulikosea?"

"Sikukosea," alisema, amegeukia ukuta. "Shida ni kwamba nilieleweka."

Aikande akamvua viatu, akaenda zake kulala. Daktari naye usingizi ukamchukua.