Mgonjwa wa Ukutani

Mwanamke aliingia kwa kinyozi bila hodi, mkono wa kushoto umezongwa kitambaa chenye damu, akauliza, "Daktari yuko wapi?"

Kinyozi alibaki na mashine ikinguruma hewani. Kosa lilikuwa lake. Alipenda kuvaa koti jeupe refu, eti wateja huheshimu usafi, ilhali zahanati ilikuwa mlango wa jirani. Alifungua kinywa amwelekeze mgeni, ila alichelewa. Kwenye benchi la kusubiri alikuwa ameketi binamu yake, mtu aliyepata chakula cha asubuhi kwa maneno na cha mchana kwa maneno zaidi. Mtaa ulimwita Profesa, cheo alichojitunuku mwenyewe katika mahafali yaliyohudhuriwa na yeye peke yake.

"Umefika, mama," alisema Profesa, akiinuka kwa upole wa mtu aliyezoea wodi. "Huyu ni msaidizi wangu tu. Hebu nione."

Msaidizi alikohoa. Mteja kwenye kiti, nusu kichwa kimenyolewa, akageukia kioo.

Mwanamke alikuwa fundi cherehani. Mkasi ulikuwa umechukua ncha ya kidole chake cha shahada.

"Nguo naisoma kwa kidole hiki," alisema. "Naijua hariri na macho nimefumba. Kisiporudi, mwanangu, nitauza cherehani."

Profesa aliinua macho kutafuta la kusema, akalikuta ukutani. Mjusi alikuwa amejibanza juu ya kioo, hana mkia, kwa kuwa asubuhi ile kinyozi alimkosakosa kwa ufagio.

"Mwone yule. Jana alikuwa na mkia, leo hana. Unamsikia akilia? Ataotesha mwingine. Hata kaa wa baharini akipoteza gando, huotesha jingine. Ni sisi tu tuliosahau, mama. Kazi yangu mimi ni kuukumbusha mwili."

Akafungua kopo jipya la mafuta ya mgando, akayaita mafuta ya mkia, akampaka, akamfunga bandeji safi. Masharti aliyatunga papo hapo: kidole kisilowe, kisiguswe, na aje kila wiki. Malipo? Akipona, amshonee koti jeupe kama la msaidizi wake, ila zuri zaidi. Mjusi angewekwa kwenye chupa pale mezani, mkia wake uwe kipimo cha kidole.

Fundi alimtazama mjusi kwa huruma. "Maskini, tumelazwa wodi moja. Basi niahidi, daktari. Mkia ukikamilika, mfungulie aende zake. Mgonjwa akipona huruhusiwa."

"Naahidi," alisema Profesa, kwa wepesi wa mtu apigaye chafya.

Mpango wake ulikuwa kutoweka kabla bandeji haijafunguliwa. Lakini wiki ya kwanza fundi alikuja akiwa na hofu, naye akajikuta akimtuliza. Ya pili fundi alimletea mjusi mbu kwenye kiberiti. Kisha bandeji ikafunguliwa, likatokea jambo lililomtisha Profesa kuliko polisi: kidole kilianza kuota! Nyama changa ya waridi ilijaza ncha, na ukucha ukaifuata taratibu. Ndani ya chupa mkia nao ulirefuka, mweusi, laini, haufanani kabisa na mwili wenye madoa.

"Umefanya nini?" kinyozi alinong'ona.

"Sijui, binamu. Naapa sijui."

Habari zikamfikia mwenye nyumba. Huyu alikuwa na sikio moja na nusu. Nusu nyingine iling'atwa na shemeji yake katika ugomvi wa mpaka wa kiwanja. Aliikodolea macho ile chupa.

"Nataka huyo mwenye mkia mweusi. Nimchemshe, nipate mafuta halisi. Nikishaota sikio, nitawauzia wengine." Akatikisa funguo. "Nawe utapata kile chumba cha mbele, chenye mlango wake na kibao chake. Bure, maadamu uko hai."

Maisha yake yote Profesa alikuwa ameota mlango wenye kibao. Aliomba apewe hadi kesho.

Asubuhi yake alipanda juu ya kiti cha kunyolea kusaka mjusi mwingine wa kumpa mwenye nyumba. Wa kwanza alimdaka barabara, akafumbua kiganja, akakuta mkia tupu ukijinyonganyonga. Wa pili vivyo hivyo. Kabla ya saa ya kufungua alikuwa amekusanya mikia ya kutosha, na mjusi hana hata mmoja.

"Biashara imeanza vizuri," alisema kinyozi. "Fungua duka la mikia."

Mwenye nyumba aliwasili na sufuria kabisa. Nyuma yake akaingia fundi, koti jeupe begani, kidole wazi, kizima.

Profesa alimvuta pembeni. "Mama, kuhusu ile ahadi…"

"Mwanangu, usihangaike. Zahanati gani ina nywele sakafuni? Nilitoka hapa siku ile nikaingia mlango wa jirani. Muuguzi alinisafisha vizuri. Akasema mzizi wa ukucha ukisalimika, mara nyingine ncha huota, hasa kwa watoto. Akasema wataalamu wanawachunguza mijusi wajue kwa nini sisi tunaishia nchani, labda siku moja waliokatika mikono nao wasaidike."

"Sasa ulikuwa ukirudi hapa kufanya nini?"

"Ulikuwa ukiniuliza hali. Nyumbani hakuna anayeniuliza." Akamkabidhi koti. "Mfuko umepinda kidogo, kidole bado kinajifunza. Nawe hukuahidi kama daktari, maana hukuwa daktari. Fanya upendavyo."

Mwenye nyumba alitikisa funguo. Profesa alizitazama, akaitazama chupa, akakifungua kifuniko.

Mjusi alipanda kioo. Mwenye nyumba akarusha sufuria, akaruka na sikio lake moja na nusu, akadaka! Akafumbua kiganja kwa shangwe. Mkia mweusi ulikuwa ukicheza peke yake. Mjusi mwenyewe alishaingia darini.

Mwenye nyumba alitia funguo mfukoni, akaokota sufuria, akaondoka.

"Chumba hicho kimekwenda," alisema kinyozi, akimpa binamu yake ufagio.

Fundi alikuwa bado anatazama juu. "Maskini. Ataota mkia mwingine kweli?"

"Ataota, mama," alisema Profesa, akivaa koti lenye mfuko uliopinda, na kwa mara ya kwanza alikuwa na hakika na alichokisema.