Vidole Vinne vya Mama Mdogo

Jumatatu, 4 Agosti

Hili sijamwambia mtu yeyote, hata mama: nataka kuwa mama mdogo. Si kuwa kama yeye. Kuwa yeye kabisa, na ile ovaroli yake yenye kiraka cha goti, na ule mkebe wa grisi anaotembea nao kama wenzake wanavyotembea na mkoba.

Nipo kwake likizo nzima. Gereji iko chini, chumba changu kiko juu, harufu ya oili inanifuata mpaka kwenye shuka. Raha tupu. Tatizo ni mdomo wangu. Kwa siku natoa maneno kama kumi, na matano kati ya hayo ni shikamoo kwa wateja. Shuleni wamenifundisha lugha mbili. Naona haya katika zote mbili.

Leo limeingia gari la michezo. Milango miwili, rangi ya ndimu, liko chini mpaka paka wa gereji analala kifudifudi kupita. Mwenyewe ni daktari wa meno. Analipenda kupita kiasi, ila kwenye kona linalala ubavu kama mtu anayetafuta ufunguo chini ya kitanda. Ameleta springi mpya, fupi na ngumu, shokapu mpya na bushi mpya, vile vipira vya kwenye maungio. Jumamosi klabu yao ya magari inashindana kuzunguka koni kwenye maegesho ya uwanja wa mpira. Mwaka jana alitumia sekunde hamsini na nane akashika mkia. Amesema wazi: gari likitulia, yeye na klabu nzima ni wateja wetu. Lisipotulia, analivusha barabara.

Kuvusha barabara maana yake kumpelekea Fundi Kompyuta. Huyo ana mashine yenye skrini, na koti jeupe kama muuza dawa. Mama mdogo alifanya kazi kwake miaka minne, akaondoka siku fundi huyo alipotamka mbele ya wateja kwamba mwanamke abaki na kubadilisha oili, mambo ya springi awaachie wenyewe.

Mama mdogo hana skrini. Ana vidole. Anavipachika kati ya tairi na bodi: mbele vinne, nyuma vinne na kucha, hapo ndipo gari la aina hii linapotakiwa kukaa. Kisha anabonyeza boneti kwa kiganja, anaachia, anahesabu linaruka mara ngapi kabla ya kutulia. Nilisimama pale nikiwa nimeandaa sentensi ya kumsifu tangu asubuhi. Nikafungua mdomo. Nikasema, "Shikamoo." Mara ya tatu leo. Akaitika marahaba kana kwamba ni ya kwanza. Ndivyo alivyo.

Mpango: kabla ya Jumamosi nimfanyie jambo moja kubwa, kimya kimya, litakalosema yote haya kwa niaba yangu.

Jumanne, 5 Agosti

Springi za zamani zimetoka. Mama mdogo alizibana kwa kibano akaniambia nisimame nyuma ya nguzo, maana springi ikiponyoka haichagui kichwa cha fundi na cha mgeni. Nilisimama nyuma ya nguzo nikamtazama kwa jicho moja. Mikono yake haina haraka. Inakwenda kwenye bolti kama inarudi nyumbani.

Kitabu cha maelekezo kimekuja kwa Kiingereza. Zamu yangu! Nikasoma na kutafsiri kwa sauti, sentensi kwa sentensi, na sauti haikukwama. Nashuku yote alikuwa anayajua, lakini alisikiliza mpaka mwisho wa ukurasa wa kumi na nne, akasema, "Msomi wangu, umenisaidia." Nimeandika neno kwa neno ili lisipotee.

Ukurasa huo unaishia hapa: bolti za mkono wa chini, ule chuma unaoshika gurudumu, zikazwe kwa nguvu iliyotajwa. Kurasa zinazofuata zimegandana kwa grisi. Sikuzibandua. Cha muhimu nilishakipata.

Jumatano, 6 Agosti

Nimemwokoa mama mdogo na hajui.

Saa saba mchana alitoka kufuata chupa ya mafuta ya breki. Gari lilikuwa juu ya stendi, miguu inaning'inia. Nikaingia chini kutazama kazi yake kwa karibu. Kazi safi. Halafu nikagusa bolti za mkono wa chini. Nne. Zote zinazunguka kwa vidole!

Amesahau. Hata yeye. Kichwani nilimwona daktari akikata kona Jumamosi na gurudumu likikata kona yake. Nilimwona Fundi Kompyuta akicheka ndani ya koti. Nikimwambia, ataona aibu mbele ya mtoto wa dada yake. Nisipomwambia, basi tena. Nikachukua spana ya kupimia nguvu, ile inayolia tak ukifika kipimo. Niliivuta kwa mikono miwili na mguu mmoja ukutani. Tak nne.

Zile bolti zilikuwa na chaki nyeupe kichwani. Nikaifuta kwa kitambaa. Kazi nzuri haifai kuachwa na uchafu.

Aliporudi alinikuta nimekaa kwenye tairi. Akauliza mbona natokwa jasho. Nikajibu, "Joto." Neno moja, limetosha.

Alhamisi, 7 Agosti

Balaa.

Daktari alikuja asubuhi kuona gari likishushwa. Fundi Kompyuta naye akavuka barabara, eti anaazima funeli ya kumiminia oili. Mama mdogo akafunga magurudumu, akalegeza jeki pole pole. Gari likashuka, likashuka, likagoma. Limekaa juu kuliko lilivyokuja. Kama mtu aliyeinua gauni kuvuka dimbwi.

Akapachika vidole. Vinne vikaingia, vikabaki vinacheza. Sita. Akabonyeza boneti. Gari halikuruka hata kidogo, liliguna tu.

Daktari aliuliza, kwa sauti ya mtu aliyezoea kutoa habari mbaya yeye, imekuwaje springi ziwe fupi na gari liwe refu. Fundi Kompyuta akasema, "Pole, dada. Si ungeniuliza tu, mimi si mtu wa mbali." Na funeli hakuchukua.

Mama mdogo akaingia chini na tochi. Alikaa huko muda mrefu. Alipotoka alitazama kile kitambaa chenye chaki juu ya meza. Mimi nikatazama dari. Akawaambia, "Kosa langu. Nipeni mpaka kesho jioni." Hakupepesa macho wala hakutafuta mtu wa kumsukumia. Daktari akasema kesho saa kumi na moja, baada ya hapo gari linavuka barabara.

Walipoondoka aliniletea kitabu. Akaniomba nibandue kurasa nimsomee ya kumi na tano. Nikasoma: bolti hizo zikazwe tu gari likiwa chini, limebeba uzito wake. Sauti ilikwama mara tatu. Akaeleza bila kunitazama kwamba bushi ni mpira, na ukiukaza gari likiwa hewani umeushika ukiwa umelala vibaya. Gari likishuka, mpira unajisokota, kama shingo ya mtu aliyelalia mkono. Ndiyo maana lilikataa kukaa. Kisha akaliambia gari, si mimi, kwamba bolti anayoipaka chaki ni ile ambayo zamu yake bado haijafika, na anayeiona angeweza kuuliza.

Sidhani kama amejua ni nani. Nina bahati.

Dhamiri lakini inanila. Nimemwandikia barua ya kukiri. Kwa Kiingereza, maana kwa Kiingereza haya yangu ni nyepesi kidogo. Kurasa mbili, nzuri sana. Ndipo nikakumbuka kwamba atanipa mimi nimsomee na kumtafsiria. Nimeichana.

Ijumaa, 8 Agosti

Leo nimeketi ndani ya gari la michezo. Kama mzigo.

Mama mdogo alilegeza bolti zote nne, akalisogeza gari juu ya shimo la gereji likisimama kwa magurudumu yake. Akasema liwe na uzito wa dereva pia, kwa sababu halitakimbia peke yake. Daktari ana kilo themanini na nne. Mimi nina hamsini na mbili. Akaniketisha nyuma ya usukani, akaniwekea mfuko wa mchanga mapajani, akaniambia nisipumue sana.

Akashuka shimoni. Nilisikia kila tak ikipanda kupitia kiti mpaka mgongoni. Baada ya tak ya nne alitoka, akapachika vidole. Mbele vinne. Nyuma vinne na kucha. Akabonyeza boneti: likapanda, likashuka, likatulia. Akatabasamu upande mmoja. Nikasahau nikapumua.

Halafu akanyoosha uzi kutoka gurudumu la nyuma hadi la mbele, kila upande, akarekebisha mpaka magurudumu yote yakatazama alipotaka. Uzi wa kushonea! Ng'ambo ya barabara kuna skrini inayoongea.

Daktari alifika saa kumi na moja kasoro, akatoka nalo, akarudi. Akashusha kioo bila kufungua mlango. Kisha akasema amekata kona ya hospitali kwa kasi yake yote na kikombe chake cha kahawa hakikumwagika. Akakitoa tukione.

Jumamosi, 9 Agosti

Sekunde hamsini na tatu.

Gari la bluu lililotengenezwa na Fundi Kompyuta lilikuwa limemaliza kwa hamsini na nne. Letu likaingia. Lilipita kati ya koni kama sindano kwenye kitambaa, bodi imetulia, matairi tu ndiyo yanalia. Koni haikuanguka hata moja. Watu wote walitazama saa. Mama mdogo alitazama tairi la mbele la kushoto, mpaka mwisho, midomo ikihesabu.

Wanaklabu wawili wakamkabidhi funguo zao hapo hapo. Na baadaye, kila mtu alipokwenda kumpongeza daktari, nilimwona Fundi Kompyuta akilizunguka gari la ndimu. Akatazama kushoto. Akatazama kulia. Akapachika vidole vyake vinne kati ya tairi na bodi.

Mwanaklabu mmoja akamuuliza mama mdogo amefanya kazi na nani. Akajibu, "Na msomi wangu huyu." Mkono wake ulikuwa begani kwangu. Hapo ndipo pa kukiri. Nikamgeukia, nikavuta pumzi, nikafungua mdomo.

Nikasema, "Shikamoo."

Jumapili, 10 Agosti

Juma hili limenifunza, na ninaandika ili nisisahau maisha yangu yote: bolti hukazwa gari likiwa chini, limebeba uzito wake. Basi.

Na somo hili limefaa mapema kuliko nilivyotarajia. Gari jekundu la mwanaklabu wa kwanza liko chini gerejini tangu jana. Mchana huu, mama mdogo akiwa jikoni, nilifungua boneti kutazama. Juu ya shokapu ya kushoto kuna nati tatu. Zote zimelegea! Zina chaki. Maskini, amechoka, wiki ilikuwa nzito, amesahau. Nikakagua mara mbili. Gari liko chini. Limebeba uzito wake. Ni ukurasa wa kumi na tano neno kwa neno. Hakuna cha kuuliza.

Nimekaza zote kwa spana namba kumi na tano. Chaki nimeifuta. Hatajua nani wa kumshukuru, na mimi sitaki shukrani.

Nyayo kwenye ngazi. Ovaroli inachakacha, ni yeye. Anaita kutoka huko huko, kwa upole, ananiuliza kama nimeiona spana namba kumi na tano.

Nimevuta mto nifunike ukurasa huu. Spana ilikuwa chini ya mto.